Nilivyozikwa na Wanubi Nikiwa Zamu

Acha niseme ya aibu kwanza nipumue: nimewahi kulala sakafuni kwenye ukumbi wa maonyesho kule Al Jaddaf, Dubai, na yunifomu yangu ya ulinzi, magoti kifuani, mbele ya wageni. Na supavaiza akaingia wakati huohuo. Kwetu walinzi, kulala kazini ni tiketi ya kurudi nyumbani, hakuna onyo.

Maonyesho yalikuwa ya mji ambao Wamisri wa kale waliujenga kwenye nchi ya Wanubi, huko Sudan. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini miezi miwili ya kusimama pale ilinitosha. Maneno ya mtembeza wageni niliyajua mpaka mahali anapokohoa. Siku hiyo akachelewa, wageni wanangoja. Nikasema, kwani nini?

Nikaanza na vyombo. Vya mezani vya Kimisri, lakini chungu chenye masizi ni cha Wanubi. "Mume Mmisri alitawala mji," nikawaambia, "akifika jikoni anatawaliwa na mke Mnubi." Wakacheka. Nikavimba kichwa.

Ikaja picha ya makaburi. Watu wamelazwa chali, wamenyooka kama Wamisri, isipokuwa mama mmoja. Shingoni ana hirizi za Kimisri, lakini amelazwa ubavu, amejikunja, desturi ya kwao Nubia. Bibi mmoja Msudani alikuwa na wajukuu, na mdogo wao akauliza kwa Kiarabu, bibi akanitafsiria kwa Kiingereza: mbona mifupa ya huyu imekaa hivyo? Kiarabu changu mimi ni cha yalla na khalas, yaani twende na basi, hakifiki kaburini. Nikalala nimwonyeshe.

Nikafungua jicho, nikaona viatu vya supavaiza.

"Umelala kazini?"

"Hapana, sir. Nimezikwa."

Hakucheka. Akatoa simu anipige picha ya ushahidi. Yule bibi akasimama katikati yetu, akamwambia kwa Kiingereza chake: "Mwanangu, huyu hajalala. Anawafundisha wajukuu zangu habari za kwao. Mwache amalize."

Supavaiza akaitazama picha ya kaburi, akanitazama mimi, akarudisha simu mfukoni.

"Inuka. Malizia ukiwa umesimama."

Nilimaliza, na makofi nikapigiwa.

Jioni, tunakoishi Al Nahda, nikamsimulia rafiki yangu Mtanzania tunayekaa naye chumba kimoja. Nilingoja sifa. Yeye anasonga ugali tu.

"Bwana wee, kazi kakuokolea huyo mama wa kaburini. Kaishi na Wamisri, hirizi zao kavaa, na bado kalala kama kwao. Wewe mwaka wa tatu tu Dubai, ugali unaomba kijiko!"