Unga wa Muhogo Ndani ya Bawa

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Kindu kabla Wabelgiji hawajafunga virago mtanielewa, mtoto hakuulizwa anataka kula nini. Leo sombe, yaani majani ya muhogo, kesho sombe iliyolala, na hakuna aliyenuna. Ukipata samaki wa Lokandu, hiyo ilikuwa sikukuu. Maziwa ya unga tuliyanusa tu kupitia madirisha ya Wazungu, na hamu ya maziwa hayo nusura imuue baba yangu.

Baba alikuwa seremala. Mzungu mmoja, fundi wa reli tuliyemwita Bwana Panzi kwa miguu yake mirefu, alimchukua wajenge pamoja ndege nyuma ya nyumba yake. Ndege ya kweli, ya watu wawili, ya mbao na nguo. Miaka miwili baba alichonga mbavu za mabawa, mama akashona nguo ya kuyafunika, na rangi waliyoipaka juu yake ilinuka ndizi zilizoiva mno, hata nzi wa mtaa mzima wakahamia huko. Majirani walicheka, wakimwita kwa jina langu: "Baba Mwayuma, hii kitu itaruka ao utafugia mule kuku?" Baba alitabasamu tu. Bwana Panzi alishamwahidi kwamba siku ya kwanza kuruka, kiti cha pili ni chake. Alishonesha hata shati jipya.

Kole, ndivyo tulivyoita gundi, ilikuja kama unga mweupe ndani ya kopo. "Inatoka mu maziwa ya ng'ombe," baba alituambia siku moja, akidhani anatufundisha. Mimi na mdogo wangu Amisi tukatazamana. Juma lile lile tulichota nusu ya kopo, tukakoroga na maji na sukari nyuma ya jiko. Mungu wangu! Ulimi uliwaka moto. Tukatema, tukamwaga, tukalia kimya kimya. Kisha, kwa akili zetu za panya, tukajaza kopo kwa unga wa muhogo wa mama. Mweupe kwa mweupe, nani atajua?

Kumbe alikuwepo wa kujua, na ni mimi. Kila baba alipokoroga kole, aliunganisha pia vipande viwili vya mabaki ya mbao, na kesho yake kazi yangu ilikuwa kuvigonga kwa nyundo juu ya jiwe. Niliringa nayo shuleni kwa masista. Mbao ikipasuka na kole ikabaki imeshika, kazi njema. Vipande vikiachana pale palipounganishwa, kazi yote ya siku ile inabomolewa. "Kipande hakiogopi mutu," baba alizoea kusema. Safari hiyo nyundo haikuhitajika, viliachana mikononi mwangu. Nikavitupa motoni, nikamwambia, "Mbao njo ilipasuka, baba." Akaniamini. Hilo linaniuma hadi leo, kwamba hata hakuomba kuviona.

Kopo lile likamalizia bawa la kushoto. Likafunikwa nguo, likapakwa rangi. Siku mbili kabla ya kuruka, mama akapiga pasi lile shati. Nilipoliona limetundikwa mlangoni, nilimwendea baba. Nikasema yote kwa kwikwi, huku Amisi akinikanyaga mguu.

Nilingoja kiboko. Baba alichukua kisu, akaenda kwa Bwana Panzi, mimi nyuma yake nikikimbia, akapasua nguo ambayo mama alishona mwezi mzima. Ubavu wa kwanza aliuvuta kwa vidole viwili, ukatoka. Mzungu alikuja akipiga kelele, akauokota ule ubavu, akauliza:

"Ni nani?"

"Njo mimi, Bwana. Nilikoroga mubaya."

Mtu mweusi kusema hivyo mbele ya Mzungu, siku zile, haikuwa mchezo. Bwana Panzi alimjibu kwamba atatengeneza upya, lakini kupanda hatapanda.

Ndege iliporuka, watu walijaa hadi ukingo wa Lualaba. Kwenye kiti cha pili ulikaa mfuko wa mchanga, umefungwa mkanda. Ndege ikazunguka juu ya Alunguli, ng'ambo ya mto, ikarudi salama. Baba, ndani ya shati lake jipya, alipiga makofi kuliko wote. Njiani nikamwomba msamaha. "Ulisema kabla ya watu kufa," akanijibu. "Inatosha, mama."

Wajukuu wangu wananunua kiti cha plastiki asubuhi, jioni kimevunjika, wanatafuta kingine. Nikitikisa miguu ya meza mpya wanacheka: "Koko, unatafuta nini mule?" Wanajua kila kitu kwa simu zao, ila hakuna aliyewahi kuvunja kitu makusudi ili ajue kama kimeshika.

Mwaka juzi walinikatia tikiti ya ndege kwenda Kinshasa, mara yangu ya kwanza. Baba alishazikwa zamani. Nilikaa dirishani, nikaiona Lualaba, nikayaona mabati ya Alunguli yakiwaka jua, nikalia. Kijana wa pembeni akaniuliza kama naogopa.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Niko mu kiti ya baba yangu."