Niliweka ngozi mbichi ya ngamia chini ya boti, mwaka wa mafuriko

Wakuu, salaam kwenu wote, wa bara, wa pwani na sisi wa kaskazini mnaotukumbuka kukiwa na ukame tu.

Nimesoma uzi wa jamaa anayeuliza afunike na nini mbao za trela ya boti yake. Majibu mliyompa yamenikasirisha. Mmoja kamwambia "weka chochote kilicho karibu."

Mimi niliweka kilichokuwa karibu. Nitawaambia ilivyokuwa na sitajipamba, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa tisini na saba, Garissa, mtaa wa Iftin. Nimemaliza fomu foo, nimeolewa, nina watoto wawili: Hodan wa miaka minne, na mdogo wake bado ananyonya. Baba Hodan alikuwa akiendesha boti ya mradi mmoja wa afya, ya kupeleka dawa vijiji vya chini ya mto Tana. Ofisi yao haikuwa na ua, kwa hivyo boti ikawa inalala kwetu, juu ya trela yake, chini ya paa la mabati.

Kwa ambao hawajawahi kuona: trela ya boti ina mbao mbili ndefu, zimelala sambamba kama reli. Boti hukaa juu ya hizo mbao. Na mbao huvalishwa kapeti.

Hiyo kapeti ilinisumbua akili. Mtoto wangu analala kwenye mkeka, boti inalala kwenye kapeti.

Nikamuuliza Baba Hodan kwa nini. "Ilikuja hivyo," akasema.

Mwanaume ameendesha kitu miaka miwili na hajui kwa nini kimevalishwa nguo.

Nikalala chali chini ya trela kuangalia mwenyewe, majirani wakidhani nimeangusha kitu. Kapeti ilikuwa imetafunwa na mbuzi pembeni. Katikati imelika kabisa, vichwa vya skrubu vimetokeza, na pale vilipogusa boti kulikuwa na mikwaruzo.

Nikaelewa nusu: kapeti inazuia boti isichubuke. Nusu ya pili sikuielewa, na ndiyo iliyotuponza.

Wiki hiyo dada yangu aliolewa, ngamia akachinjwa. Ngozi ikabaki imetandazwa uani. Nikamwita fundi Dakane, seremala wa jirani, nikamwambia akate vipande viwili virefu avalishe zile mbao.

"Bole bole, mama Hodan," akasema. "Hii bado mbichi."

"Ikiwa mbichi ndiyo inakunjika vizuri."

"Na ikikauka?"

"Ikikauka inakaza. Si ndivyo tunataka?"

"Wewe ndiye ulienda shule," akasema, akapigilia misumari yake kwa juu, upande inakolala boti. Wanaume sita walioishusha boti wakairudisha siku hiyo hiyo, ngozi ikiwa bado na unyevu. Nikatembea mtaani nikijisifu.

Sasa sikieni kinachoniudhi hadi leo. Kwetu kila mtoto anajua kazi ya ngozi mbichi. Bibi yangu alifungia vyombo vya maziwa kwa kamba zake. Ukishafunga ukaacha juani, huwezi kufungua tena, labda ukate. Nimeyaona hayo nikiwa nimekaa miguuni pake. Halafu nikaenda kuiweka chini ya kitu ambacho kazi yake ni kuteleza.

Ikapita miezi ya jua tupu. Mto ulikuwa chini, boti haikutoka. Hodan nikampeleka kwa mama yangu, kijiji kimoja chini ya mto, akanywe maziwa.

Halafu maji yakaja. Wenye umri wanakumbuka El Nino. Barabara ikakatika, mashamba yakageuka ziwa. Asubuhi moja akafika mwanaume wa kijiji kile, amelowa hadi kifuani.

"Watu wamepanda kwenye kilima cha shule," akasema. "Hooyo, mama yako, yuko, na mtoto yuko. Mtoto ana homa."

Mdogo nikamwachia jirani. Pikapu ya mradi ikavuta trela hadi maji yalipofika, ikairudisha kinyumenyume mpaka magurudumu yakazama. Kwa kawaida hapo boti unaisukuma kidogo tu, inateleza yenyewe.

Wakasukuma. Haikusogea.

Wakasukuma watu wanane. Nyuma boti inaelea, mbele imeng'ang'ania kama imepigwa gundi. Baba Hodan ananiangalia mimi, mimi naangalia maji.

Dereva wa pikapu akaleta mtaimbo. Nikaingia majini na buibui langu, nikapitisha mkono chini ya boti. Ngozi ilikuwa imekauka ngumu kama mbao yenyewe, imeshika umbo la boti. Mbaya zaidi, ilivyojikunja ilikuwa imeng'oa misumari kidogo, ncha moja ikinichoma kidole. Wakiinua kwa nguvu, msumari unapasua boti. Na boti ilikuwa ni hiyo moja.

Nikasema, "Acheni ilowe."

"Mtoto wako yuko huko," dereva akasema.

"Najua aliko. Atakayegusa boti na huo mtaimbo nitampiga nao."

Nikakaa juu ya gurudumu la trela, maji kiunoni. Sijawahi kukaa muda mrefu hivyo. Kila mara napitisha mkono: ngumu. Ngumu. Kisha pembeni inabonyea kidogo. Kisha inateleza kama ulimi wa ng'ombe.

Boti ikatoka yenyewe bila kuguswa na mtu.

Ilikuwa na tundu dogo la msumari. Tukaliziba kwa sabuni ya kufulia, Baba Hodan akawasha injini, akaenda. Mimi nikabaki ukingoni, kwa sababu kila nafasi ilikuwa ya mtu wa kule.

Adhuhuri ilikuwa imepita waliporudi. Hodan yuko mapajani kwa mama yangu, anachemka lakini anaongea. Nikamchukua. Mama akashuka, akatazama trela, akanusa.

"Nani ameweka ngozi mbichi hapa?"

Nikajibu kuwa ni mimi.

"Na ulikuwa unamwangalia bibi yako akifanya nini miaka yote ile?" akasema, akaenda zake.

Hodan alipopona nilikata kapeti ya sebuleni, ile mama mkwe alinipa nikiolewa. Ya nailoni. Safari hii nilitaka kujua kwa nini, nikaimwagia maji: haifyonzi, haivimbi, ikilowa inateleza. Ndiyo hiyo nusu ya pili. Nikamsimamia Dakane akakunja kapeti hadi chini ya mbao na kupigilia misumari huko chini, juu kusiwe na hata mmoja. Mama mkwe hakunisemesha mpaka Ramadhani.

Nilichojifunza: kabla hujabadilisha kitu, jua kazi zake zote, si ile unayoiona tu. Na kama tayari unajua jambo, usijifanye hulijui kwa sababu umevaa sare ya shule miaka minne.

Wa Kisumu na Naivasha wenye boti, zenu mnazilaza juu ya nini? Na wewe uliyesema "chochote kilicho karibu," njoo hapa utetee hayo maneno.