Cheti Nilichoweka Rehani kwa Kibuyu

"Hutapewa hata kimoja," kaka yangu mkubwa aliniambia. "Mama gani wa milimani atakupa kibuyu chake cha maziwa uondoke nacho? Umeosha vyombo vya Wazungu ng'ambo miaka yote hiyo, sasa umerudi kupiga vibuyu picha!" Mkewe alicheka mpaka chai ikampalia.

Wacha wacheke. Niliosha vyombo, ndiyo, na kwa vyombo hivyo nikajilipia masomo hadi diploma ya kompyuta, bila harambee wala mjomba bungeni. Mwaka huo wa 2007, nani mwingine Nakuru alikuwa na wazo kama langu? Katika milima iliyo juu ya Subukia kina mama walikuwa bado wakishona vibuyu vilivyopasuka: wanatoboa kando ya ufa kwa shazia, sindano nene, wanapitisha uzi wa mkonge, wanaziba matundu kwa nta ya nyuki. Mabinti zao walishahamia mitungi ya plastiki. Nilitaka kila mshono uingie kwenye tovuti ambayo mtu yeyote, popote, angeifungua bure. Lakini huko juu hakukuwa na umeme wa taa zangu. Ilibidi niviazime vibuyu, nivipige picha mjini.

Mshonaji aliyewashinda wote alikuwa mjane mmoja mwembamba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nikamwonyesha na diploma, ambayo nilitembea nayo kwenye bahasha ili watu wajue wanazungumza na nani.

"Hii karatasi ni nini kwako?"

"Mathe, hayo ndiyo maisha yangu."

"Basi yaache hapa. Kibuyu hiki nilipewa na mama yangu nikiolewa. Ukikirudisha, utachukua maisha yako."

Nilidhani anatania. Akaitia bahasha sandukuni, akafunga kifuniko, akanipa kibuyu. Majirani zake walipoona yeye ametoa, wote wakatoa. Nilishuka na vibuyu pikapu nzima, na kaka akaja kuvihesabu mwenyewe.

Uchaguzi ukapita, vurugu zikazuka. Januari nilisimama nje ya chumba nilichopanga nikaona moshi ukipanda ng'ambo ya Bahati, upande wa Subukia, na sikuamini macho yangu. Niliponyamazisha redio nikabaki na vibuyu vya watu, vimepangwa ukutani mpaka mlangoni, na wenyewe sijui wako wapi. Nyumba zao zilikuwa majivu. Chini ya kila picha kwenye tovuti nikaandika: kibuyu hiki kiko salama, na namba yangu ya simu.

Wakaanza kupiga, mmoja kutoka Salgaa, mwingine kupitia mjukuu aliyeko Nairobi. Nikawa narudisha, huku nikijaza maziwa kwanza, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Mwishowe kikabaki kibuyu cha yule mjane. Nikajua amekufa.

Kisha akapiga msichana wa shamba la maua Naivasha.

"Boss, wewe ndiye wa vibuyu? Mathe wangu aliniambia chake kiko ndani ya kompyuta, nikitafute. Nimeuona mshono wake hapa saiba, kwenye kompyuta yao. Anauliza kama kimeungua."

"Hakijaungua! Yeye yuko wapi?"

"Si yuko hapo hapo Nakuru, kambini?"

Kambi ile ya waliokimbia makwao nilikuwa nikipita kando yake kila siku.

Nilimkuta nje ya hema, amevaa koti la mwanamume. Njiani nilikuwa nimejiandaa kumwambia asijali kuhusu karatasi yangu. Alikipokea kibuyu, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akanusa mdomo wa kibuyu kwa muda mrefu. Halafu akafungua leso iliyokuwa kiunoni, akatoa bahasha yangu, imekunjwa mara mbili.



"Mathe! Ulitoka nyumbani na nini kingine?"

"Na miguu."

Kina mama wa hema la jirani walicheka. Mimi sikuweza.

"Lakini hii ningeomba nyingine kule chuoni!"

"Wewe ungeomba. Na mimi ningekuja kukudai kibuyu changu kwa mkono gani?"

Akaita watoto wa mahema yale, akawamiminia maziwa, akamnyang'anya kikombe mtoto mmoja aliyetaka kurudia foleni.

Nimeona mengi ng'ambo, na hakuna lililowahi kunishtua hivyo. Nilirudi chumbani, kukawa kweupe ukutani. Sikuwa na kitu cha mtu yeyote. Diploma nimeitia kwenye fremu na mikunjo yake, na kaka akija humkalisha kwenye kiti kinachoitazama.