Mashine Niliyomchagulia Baba

Mimi ndiye niliyefanya Baba afutwe kazi leo, na yeye hajui.

Sijamwambia mtu mwingine. Hata Mama.

Baba hukata nyasi kwa slasha kwenye ile nyumba ya wageni karibu na ziwa. Mgongo wake umekwisha.

Juzi mama mwenye nyumba hiyo aliniita. Kwa kuwa nimemaliza Form Four, alitaka nimsomee vijitabu vya Kiingereza vya mashine mbili za kukata nyasi kwa uzi wa plastiki.

Moja hubebwa begani. Nyingine ina magurudumu, unaisukuma tu.

Nikafikiria mgongo wa Baba, nikamwambia yule mama:

"Chukua ya kusukuma, Mama. Hata mtu mgonjwa ataiweza."

Leo imefika. Nilimsindikiza Baba kwenda kuiona (nilikuwa na furaha, jamani).

Soja wa geti akaijaribu kwanza. "Wilbaro ni nzito kuliko hii! Nitakata mpaka Uganda!"

Mwenye nyumba akamgeukia Baba. "Basi Mzee, umeona. Soja ataweza kazi zote mbili. Wewe sasa pumzika."

Nilikuwa nimesimama pale pale.

Ninyi mngesema nini?

Tulirudi nyumbani Migosi kwa miguu, Baba amebeba slasha yake. Njiani akaniambia, akichanganya na Kijaluo chetu, "Lakini nyara, binti yangu, aliyechagua ile mashine ana akili. Haiumizi mgongo."

Sasa hivi yuko nje, anainoa slasha kama kila jioni.

Tafadhali, mkikutana naye, msimwambie ni mimi.