Ndizi Ambayo Sikuiandika

Mbega wa kwanza niliyeletewa nilimuua kwa ndizi mbivu. Naandika hivi makusudi, bila kuzunguka, kwa sababu nilitumia karibu mwaka mzima nikizunguka.

Alikuwa mtoto mchanga, mweupe mwili mzima kama wanavyozaliwa wote, na vidole vyembamba vya kizee. Mbwa wa jirani walimuua mama yake aliposhuka chini kuvuka mahali palipokatwa miti. Wakati huo nilikuwa na miezi michache tu tangu ofisi ya wanyamapori inipe barua ya kutunza yatima kwenye shamba la ukoo, juu kule Kilema, pale migomba inapoishia na msitu kuanza. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza kwa video, kwa vitabu vya kuazima, na kwa kumsumbua daktari wa mifugo wa mjini Moshi mpaka akaanza kuchelewa kupokea simu zangu. Niliogopa kukosea kiasi kwamba chupa moja niliichemsha mara tatu.

Lakini suala la ndizi sikumuuliza. Kwetu mtoto huanzishiwa ndizi, mgonjwa hupikiwa ndizi, ng'ombe hukatiwa mgomba, na pombe ya sherehe hutoka humo humo. Kiumbe akiwa na njaa, mkono wenyewe unakwenda kwenye mkungu. Nilimmenyea kisukari kilichoiva vizuri, ile ndizi ndogo tamu, akakishika kwa mikono miwili akala, na mimi nikafurahi hadi nikampiga picha. Jioni nikampa kingine. Kesho yake tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma, na keshokutwa yake nilimzika.

Daktari alinieleza kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko kama angenitukana. Tumbo la mbega ni la majani. Linachachusha majani taratibu, karibu kama la ng'ombe. Ukilitia sukari linachacha ghafla, linajaa gesi, mnyama anakwisha.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, anayeishi kihamba cha pili, shamba la nyumbani linalopakana na langu, na aliyekuwa akinisaidia tangu siku ya kwanza, aliniuliza kilichomuua yule mtoto. Nikamwambia ni majeraha ya mbwa. Nilisema haraka, bila hata kumeza mate. Jirani akawafunga mbwa wake minyororo, akaja kuniomba radhi, nami nikamwitikia kwa uso mkavu wa mtu aliyekosewa.

Baada ya hapo nikawa mkali kwa kila mtu. Niliwachukia wakata mbao. Niliwachukia waongoza watalii waliokuja na wageni wao wakitaka picha na mtoto wa digidigi niliyekuwa nikimlea.

"Kaka, dakika mbili tu," mmoja wao aliniambia getini. "Wageni wangu wambebe huyo digidigi kidogo."

"Huyu si begi."

"Aisee, hata mtoto wa mchungaji anabebwa."

Wageni walicheka bila kuelewa. Nilifunga geti mbele ya nyuso zao. Watu walidhani ni uchungu wa wanyama. Kwa sehemu ulikuwa. Sehemu nyingine ilikuwa hofu kwamba kuna mtu siku moja atajua, na hasira ilinisaidia watu wasinisogelee sana.

Kisha akaja mbega wa pili, kutoka Rau, ambako mama yake aligongwa na pikipiki. Huyu niliapa hatakufa. Maziwa ya kopo niliyapima kwa sindano, nikayajaribu kwenye kifundo cha mkono, nikaandika kila saa kiasi alichokunywa. Akaanza kutafuna majani machanga ya mringaringa. Wiki ya tatu alikuwa akinirukia begani.

Siku moja nilitakiwa kushuka Chekereni kumchukua korongo aliyenaswa kwenye nyavu za mashamba ya mpunga. Mama mkubwa akakubali kukaa na mtoto. Nikamwandikia masharti ukurasa mzima, kumi na tisa kwa hesabu. Anawe mikono hadi viwiko. Asimlaze chali akimnywesha. Asimruhusu mtu kumshika. Chupa ichemshwe. Nilipofika mwisho nilijua kabisa kinachokosekana, na kalamu ilikuwa bado mkononi. Niliona kwamba nikiandika ndizi, ataniuliza nimejuaje. Nikapigilia karatasi kwenye msumari, nikaondoka.

Niliporudi alasiri, ganda lilikuwa mezani.

"Mama mkubwa, hili nini?"

"Alikuwa analia, baba. Maziwa ameyakataa. Nikampa kisukari, akatulia."

Nilimfokea. Nilimfokea mbele ya wanawake wawili waliomfuata pale kwangu kuulizia maziwa ya ng'ombe wake, mimi niliyempa shikamoo kila asubuhi ya maisha yangu. Nilimwambia amemuua. Nikamwuliza kama hajui kusoma karatasi niliyoiandika.

Aliitoa karatasi msumarini akanipa.

"Nimeisoma asubuhi, nikairudia mchana. Nionyeshe ndizi iko namba ngapi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema hivi: "Kuna mambo mtu mzima haandikiwi."

Mmoja wa wale wanawake aliguna. Mama mkubwa alichukua kanga yake akaondoka.

Daktari alipanda siku hiyo hiyo, akajitahidi kwa mrija na dawa. Nilimkanda mtoto yule tumbo hadi mikono ikafa ganzi. Alikufa siku ya pili, ameshika kidole changu, na hasira niliyokuwa nayo kwa mama mkubwa ilikuwa tamu. Nasema ukweli. Ilikuwa tamu, kwa sababu safari hii kulikuwa na mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata alikuja na isale. Ni lile jani refu la mmea tunaoupanda mipakani. Mtu aliyekosa akikuletea, hulikatai, hata kama amekuchomea nyumba. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alilinyoosha kwa mikono miwili, mama wa miaka ile, akinisubiri mimi.

"Nimekuja, baba. Sikujua."

Mkono wangu haukuinuka.

"Hukujua kwa sababu sikukwambia," nikasema. "Yule wa kwanza hakufa kwa mbwa. Nilimpa ndizi mimi. Ile karatasi niliiacha makusudi bila ndizi, usije ukaniuliza."

Hakulia wala hakupaza sauti.

"Juzi umenifokea mbele za watu."

"Ndiyo."

"Na siku mbili hizi nimekuwa siwezi kula."

"Ndiyo, mama mkubwa."

Alilikunja lile jani akalitia mfukoni. "Basi hili narudi nalo. Na wewe ukilipata lako, utaleta. Uje saa ya maziwa, wakiwapo wale wale."

Nilikwenda jioni ile ile. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Nikasimama na isale langu mbele ya wanawake wenye madumu, nikasema yote kwa sauti, tangu mbega wa kwanza, na jirani mwenye mbwa nikamtaja pia. Alimaliza kukamua kwanza. Kisha akapokea jani, kwa sababu halikataliwi, akaniambia niondoke kwenye mlango wa zizi, nakinga mwanga.

Ilimchukua wiki sita kurudi kwangu kusaidia. Mbwa wa jirani wanafunguliwa usiku, mchana wanafungwa, kwa makubaliano. Masharti ya kulisha tunayaandika wawili, yeye akiuliza kila swali linalomjia. Ndizi mbivu haivuki geti. Na mnyama akifa, naandika kilichomuua siku hiyo hiyo na kubandika karatasi nje, hata pale aliyemuua ni mimi.