Machweo Ndani ya Nyambizi

Tata alikuwa seremala. Kwetu baba mzazi huitwa tata, nami nilimwita hivyo mpaka siku tulipomzika. Alitengeneza milango, meza, majeneza na viti vya kanisa, na upande wetu wa Ikonge ilikuwa vigumu kuingia katika nyumba isiyokuwa na kitu kilichotoka mkononi mwake. Bahari hakuwahi kuiona. Ziwa aliliona mara moja akiwa kijana, akarudi akisema lile ni shamba kubwa lisilolimika.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilipomwambia nimekubaliwa katika jeshi la wanamaji, aliendelea kupiga randa kwa muda, kisha akauliza, "Huko mna Sabato?"

Sisi ni watu wa Sabato. Ijumaa jua likizama, msumeno hutundikwa na moto wa jikoni huwa umeshamaliza kazi yake, na hakuna anayeshika jembe mpaka jua lizame tena Jumamosi. Kwetu Nyamira jua halina visa. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, kwa hiyo hata mwenye kukosa saa hakosi Sabato. Nilimwambia tata nitaishika kadiri nitakavyoweza. Akasema, "Haya," akarudi kwenye ubao wake.

Mombasa walinifunza umakanika wa injini za meli. Baada ya miaka michache nilitumwa Uingereza pamoja na wenzangu kadhaa kuongeza ujuzi. Wenzangu walipelekwa kwenye meli za kawaida. Mimi nilipangiwa gati la matengenezo ambako nyambizi ya mashambulizi ilikuwa imepandishwa nchi kavu. Nchi yetu haikuwa na nyambizi hata moja na haikuwa na mpango wa kuinunua, lakini injini zile za dizeli zilikuwa za kundi moja na zetu, na kwa wakubwa hiyo ilitosha.

Nilipoiona mara ya kwanza sikujua ni chombo. Ilikuwa imelala juu ya magogo kama bomba kubwa jeusi, ubavu umekatwa mabamba mawili ili vitu vikubwa vitolewe. Betri zilikuwa zinatolewa moja moja kwa winchi, kila moja inanifikia kifuani. Nikamuuliza fundi mkuu wa injini betri zote hizo za nini. Alikuwa mzee mnene mwenye vidole vilivyojaa makovu, na alikuwa amekaa na chombo hicho tangu kilipokuwa vipande vya chuma kwenye uwanja wa kuundia.

"Ukiwa juu ya maji unawasha dizeli," alisema. "Ukizama, dizeli itawanywea hewa yote mliyo nayo, nyote mfe. Kwa hiyo chini tunakwenda kwa betri. Zikikaribia kuisha, tunapanda karibu na uso wa maji, tunachomoza bomba, tunavuta hewa, tunawasha dizeli na kuzichaji. Halafu tunajificha tena."

Nilimpenda mzee yule kwa sababu swali halikumchosha. Nilimuuliza kwa nini chombo kizima kifumuliwe wakati injini zake bado zilikuwa zinafanya kazi. Akanipeleka chini ya tumbo la nyambizi, mahali ambapo wafanyakazi walikuwa wanapitisha chombo cha kupimia nyufa kwenye maungio.

"Kila tukizama maji yanaibana," alisema. "Tukipanda yanaiachilia. Bana, achilia, bana, achilia, miaka na miaka. Chuma nacho huchoka. Kila baada ya miaka kadhaa tunairudisha hapa tuone imechoka kiasi gani. Inapozeeka wanatupunguzia kina tunachoruhusiwa kwenda. Mwisho watasema basi, na itakatwa."

"Wewe utakuwa wapi wakati huo?"

"Na mimi nimebanwa na kuachiliwa vya kutosha," alisema, akacheka peke yake.

Matengenezo yalipokwisha walinikubalia kwenda nao majaribioni. Siku ya kuzama kwa kina, mzee alifunga uzi mwembamba kutoka ukuta mmoja wa chumba cha injini hadi wa pili. Aliuvuta ukakaza kama uzi wa fundi wa kujenga. Sikuuliza, nilidhani ni wa kuanikia kitambaa. Tukaanza kushuka. Injini zilikuwa zimezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale niliweza kusikia watu wakipumua. Sauti kwenye kipaza sauti ilitaja kina. Chuma kikatoa mlio mfupi, kama mlango wa zamani unaosukumwa na upepo. Mzee akaniashiria kwa kidevu nitazame uzi.

Uzi ulikuwa umelegea. Katikati ulikuwa umening'inia chini, na hakuna aliyeugusa. Kuta zilikuwa zimesogeleana.

Sikuona tone la maji siku ile, wala hakuna kilichoharibika. Tulipopanda, uzi ulikaza tena taratibu mbele ya macho yangu, na woga ulionishika ukageuka hamu ya kushuka upya nikautazame vizuri zaidi.

Baada ya majaribio tulielekea kaskazini kwa mazoezi. Ilikuwa mwezi wa Juni. Ndani hakukuwa na mchana wala usiku; kulikuwa na zamu. Taa nyekundu zilipowashwa tulijua huko juu ni usiku, au kwamba wakubwa wameamua ni usiku. Tulilala kwa kupokezana vitanda, unaingia kwenye joto la mwenzako. Maji ya kuoga hayakuwepo, na kila kitu kilinuka dizeli, hata mkate. Ijumaa ya kwanza ilipofika nilikumbuka neno la tata, nikagundua sina jua.

Nilikwenda kwa afisa aliyeshughulikia ramani na safari. Alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye haya. Nilimwomba aniambie jua litazama saa ngapi.

"La nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Jua la wapi? La bandarini tulikotoka, la hapa tulipo, au la kwenu?"

Nilisema la hapa tulipo, kwa kuwa lilionekana ndilo jibu la kawaida. Akafungua majedwali yake, akachora mstari, akasema, "Hapa leo litazama karibu saa tano usiku." Halafu akainua macho. "Lakini Ijumaa ijayo tutakuwa juu zaidi. Huko halizami kabisa."

Nilidhani ananitania. Siku kadhaa baadaye, wakati ambao Ikonge watu wote wameshalala, aliniita chumba cha uongozi. Nyambizi ilikuwa karibu na uso wa maji, na aliyekuwa na zamu aliniruhusu nichungulie kwenye ile darubini ndefu inayochomoza juu. Niliona maji ya kijivu, na juu yake jua zima, la rangi ya kiini cha yai bovu, limekaa tu. Halikupanda wala halikushuka.

Wiki ile nilichagua jua la kwetu. Afisa alinikokotolea saa ya machweo ya Nyamira kwa saa ya chombo, na mwenzangu mmoja akanishikia zamu yangu kwa kubadilishana na yake ya Jumapili. Nililala kitandani nikiwa nimefumba macho, nikimwona tata anatundika msumeno.

Niliporudi likizo mwishoni mwa mwaka, nilipanda gari kutoka Kisii mjini hadi Ikonge nikiwa nimeshapanga nitakavyosimulia. Nilianza na uzi. Mama, aliyekuwa anachambua mboga, alikubali papo hapo. Tata hakukubali.

"Mbao hujinyonga, najua," alisema. "Lakini chuma cha unene huo? Huo uzi ulifungwa vibaya."

"Tata, ulikaza wenyewe tulipopanda."

Akaniuliza uzi ulikuwa wa pamba au wa nailoni, ulifungwa kwenye nini, na kama mahali pale palikuwa na unyevu. Alipomaliza kunihoji alisema kwamba atalifikiria.

Nikamsimulia habari ya jua lisilozama. Hapo mambo yakawa mengine. Hakunibishia, ila siku mbili hakulala vizuri. Mama ndiye aliyeniambia. Siku ya soko alivaa koti lake la kanisani, akanitaka nimsindikize Kisii mjini. Tulikwenda moja kwa moja kwenye duka la vitabu la familia moja ya Kihindi, iliyokuwa ikiuzia shule madaftari na chaki. Tata aliomba dunia ya duara. Alisema hivyohivyo, "Nataka dunia."

Mwenye duka hakucheka. Alipanda ngazi, akashusha tufe lililojaa vumbi, akalifuta kwa mkono wa shati. Tata alimweleza anachotafuta.

"Mimi nilikuja kwa meli nikiwa mdogo," mwenye duka alisema. "Siku nyingi bahari tupu. Jua lilikuwa linazama mapema zaidi au baadaye zaidi kila siku, na baba yangu alikuwa akirekebisha saa. Sikujua kwa nini." Akaliinamisha tufe. "Ukijua, mzee, uje unieleze."

Tata alilibeba tufe mapajani njia nzima hadi nyumbani. Jioni ile ile baada ya chakula aliweka taa ya chemni katikati ya meza, akaanza kulizungusha. Kibao chake cha chini kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo alilishika kwa mikono, limesimama wima, na kila akilizungusha, kila nchi iliingia gizani. Akanitazama kana kwamba nimemdanganya.

"Shuleni walitufundisha kwamba limeinama," nilisema. "Kama hivi."

"Kiasi gani?"

Sikukumbuka. Alikwenda karakana, akarudi na kipimo chake cha pembe na vipande vya mvule, akaanza kulitengenezea kibao kipya. Alijaribu mwinamo mmoja, akaukataa, akajaribu mwingine. Alipoinamisha kilele cha tufe upande wa taa na kulizungusha polepole, sehemu ya juu kabisa ilibaki kwenye mwanga mzunguko mzima. Nyamira iliingia gizani na kutoka, iliingia na kutoka. Juu pale hapakuingia.

Mama aliacha kuosha sufuria akaja kusimama nyuma yake.

"Kuna watu wanaoishi hapo?" tata aliuliza.

"Wapo."

"Wenye Sabato?"

Hilo sikujua. Wala mchungaji hakujua, kwa maana Jumamosi tata alimuuliza mbele ya watu, akiwa amekuja na tufe limefungwa kwenye shuka. Baada ya ibada wazee walibaki kanisani wakibishana. Wengine walisema nilikosea, nilipaswa kufuata saa ya mahali nilipokuwa. Wengine walisema mahali pasipo machweo hapana Ijumaa, basi nilifanya vizuri kushika ya nyumbani. Kuna mama mmoja aliyetaka kujua kama ukiwa chini ya maji unahesabiwa kuwa upo duniani. Niliondoka kurudi Mombasa bila wao kufika popote.

Likizo iliyofuata tata alinipokea njiani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Mchungaji alikuwa ameuliza kwenye mkutano wa wachungaji, na mmoja aliyewahi kusoma Ulaya alikuwa na jibu. Ndugu wa huko kaskazini wapo. Jua lisipozama, wengine huhesabu siku pale linapofika chini kabisa kabla ya kuanza kupanda tena.

"Kwa hiyo hata huko linashuka," tata alisema. "Linashuka bila kuzama." Furaha aliyokuwa nayo sikuwahi kuiona hata siku alipopewa kazi ya kutengeneza viti vyote vya kanisa. Alikuwa ameshakwenda Kisii kumweleza mwenye duka, na wawili hao walikuwa wamekunywa chai hadi nusura gari la mwisho limwache.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwenzangu aliyerudi kutoka mafunzo kule kule aliniambia ile nyambizi imeondolewa kazini. Ilivutwa na tagi, boti ya kuvutia meli, hadi uwanja wa vyuma chakavu na kukatwa. Nilimpelekea tata habari hiyo. Alikuwa amezeeka, randa aliwaachia vijana, lakini tufe lilikuwa bado mezani kwenye kile kibao cha mvule.

"Walisema imechoka?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi uzi ulikuwa kweli." Alilizungusha tufe kidogo. "Na yule mzee wa injini, walimpa nyingine?"

Nilisema sijui, sikuwa nimeuliza.

"Muulize huyo mwenzako," alisema. "Na umuulize kama mzee alikuwapo walipoikata."