Mbwa Niliyemchagua Elburgon

Tarehe tisa mwezi wa tano nilimzika mume wangu, na kabla mwezi haujaisha mbwa wetu akalishwa nyama yenye sumu na watu waliokuwa wakiyatamani mahindi yangu ghalani. Nayataja haya mapema ili ujue hali niliyokuwa nayo. Utasema huzuni ilinichanganya akili. Sema tu. Mimi niliishia darasa la saba na sijui kutunga hadithi. Haya niliyaona mchana, nikiwa macho.

Naishi Rongai, peke yangu sasa. Mara mbili nilisikia mtu akitikisa lango. Nilihitaji mbwa, na nilihitaji haraka. Lakini niseme ukweli wote: wezi sio walionikondesha. Kilichonikondesha ni kwamba tangu tumzike Baba Njeri, sikuwa nimemwona hata ndotoni. Wengine huota marehemu wao. Kwa nini mimi nilinyimwa?

Mama mmoja wa kanisani akanielekeza Elburgon kwa Mama Cherono, mjane kama mimi, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Nilifika saa tisa mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi kwenye ua wa nyumba, na ungeweza kusikia msumeno wa kiwanda cha mbao bila kuona hata paa lake.

"Walikuwa tisa," Mama Cherono aliniambia. "Watatu wamekufa. Analala mzima, asubuhi amekauka. Daktari wa mifugo amekuja, amedunga sindano, wapi! Chagua tu, mathe. Mwinue kwa ngozi ya shingo. Asiyelia ndiye mkali."

Hivyo ndivyo watu wetu wanavyochagua. Baba Njeri, enzi za uhai wake, hakukubali njia hiyo. Yeye alikuwa akiangusha kifuniko cha sufuria nyuma ya watoto wa mbwa, kisha anatazama. Wote watashtuka, alisema, hiyo si kitu. Angalia nani anarudi kunusa kifuniko. Halafu alimlaza mmoja mmoja chali, mkono kifuani. Anayepigana kidogo kisha akatulia, huyo atafundishika. Anayelegea mara moja ni mwoga. Anayeng'ata bila kuacha atakusumbua. Mwisho aliondoka bila kuita, aone nani atamfuata.

Nami nikafanya hivyo. Mmoja mweusi, mnene, hakushtuka hata kidogo. Nilimpenda. Mama Cherono akacheka, "Huyo ni askari!" Mwingine, jike la kahawia, alikimbilia chini ya mamake, akakaa, kisha akarudi polepole kunusa kifuniko. Nikamlaza chali. Alipiga kelele, akapigana, akatulia. Macho yake yalikuwa yameshikana kwa tongotongo, nikampangusa kwa kidole gumba.

Hapo nikamkumbuka mwenye kunifundisha hayo yote. Machozi yakanitoka. Nikayafuta kwa kidole kilekile.

Najua umeshtuka. Nani aliyelelewa huku hajaonywa? Tongotongo za mbwa usijipake machoni, utaona wanachoona wao. Niamini, sikukusudia. Jicho liliwaka kama limeingia pilipili. Nilipolifungua, kulikuwa na mwanamume amechuchumaa katikati ya wale watoto.

Alikuwa na ovaroli ya buluu na unga wa mbao kwenye nywele. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu. Aliwainua watoto mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, na hapa sijui nikuelezeje: mtoto alibaki chini, na papo hapo yuko mkononi mwake, akining'inia. Aliyelia alirudishwa. Mweusi hakulia. Yule mtu akamtazama kwa muda, akamtia kifuani na kufunga vifungo. Pale chini, mweusi aliketi tu, kimya. Kisha mkono ukaja kwa yule wa kahawia aliyekuwa miguuni pangu. Akapiga ukelele hadi mamake akasimama. Mkono ukarudi nyuma.

"Mathe, unaangalia nini?"

Sijui kudanganya. Nikamweleza.

"Ana vidole vingapi?"

"Viwili. Mkono wa kulia."

Mama Cherono akaketi chini kwenye matope. Mumewe alikatwa vidole na msumeno, na mwaka mmoja kabla ya siku hiyo gogo likamwangukia, akafa.

"Anafanya nini?"

"Anachagua."

"Ananitazama?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana," nilisema. "Hajakutazama."

Kabla sijamshika, Mama Cherono alikuwa ameshapangusa macho ya yule mbwa mama kwa vidole gumba vyote viwili na kujipaka. Akapepesa macho. Kisha akasema kwa sauti ya mke anayemgombeza mume aliyechelewa, "Baba Cherono, umekonda hivi? Na suti niliyokuzikia iko wapi?"

Nilimtia yule wa kahawia kikapuni, nikaondoka bila kuaga. Nilinawa uso kwenye bomba la kando ya barabara hadi ngozi ikauma. Sikuona kitu cha ajabu tena.

Asubuhi Mama Cherono alinipigia simu. Mweusi amekufa, alisema, na hakuwa na huzuni. Miezi ikapita. Wakafa waliobaki, akafa na mama yao.

Mbwa wangu amekua. Hapokei chakula kwa mgeni, na lango halijatikiswa tena. Jicho langu la kushoto linatoa machozi hadi leo, hospitali hawaoni ugonjwa. Macho yake nampangusa kwa kitambaa, kisha nakichoma. Ziko siku nakishika kitambaa hicho muda mrefu kabla ya kukitia motoni. Basi wewe unayekwenda kuchagua mbwa, usimtake asiyelia. Na ukimshika macho, nawa mikono kabla ya kujifuta machozi, hata kama yanakutiririka.

Jumamosi iliyopita Mama Cherono alisimama langoni kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimeshikana. Mbwa wangu hakubweka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua.

"Mama Njeri, sijaja kumchukua," alisema. "Nipanguse macho yake tu. Mara moja. Mwaka mzima Baba Cherono hajanitazama. Leo nitamwita kwa jina lake la utotoni, lazima ageuke."

"Hapana, mama. Ingia unywe chai."

"Sitaki chai. Kwani wewe hujamtafuta wako?"

Aliketi kwenye jiwe nje ya lango mpaka mvua ikaanza, akajifunika leso, akaenda. Nilingoja apotee barabarani, ndipo nikafunga kufuli.